Deni la Gurudumu

Jumanne ya tarehe tisa Desemba, saa tatu na robo asubuhi, manyunyu yakiwa ndiyo kwanza yamekatika na lami ikifuka mvuke, mzee mmoja mwenye kofia ya kitambaa na viatu vilivyong'arishwa alisimama mbele ya dirisha la tiketi la bustani ya michezo ya watoto. Hakuwa na mtoto.

"Mkubwa mmoja," alisema.

Mkata tiketi, msichana aliyekuwa akitafuna chingamu, alimtazama, akachungulia nyuma yake, kisha akainuka kidogo na kutazama chini ya dirisha, kana kwamba huenda mtoto amejikunyata pale.

"Mtoto yuko wapi, mzee?"

"Anakuja Jumamosi."

"Na wewe umewahi foleni."

"Nimekuja kupima njia," alisema mzee, wala hakucheka.

Majirani walimwita Kengele. Alikuwa amesimamia mabweni ya shule ya wavulana kwa sehemu kubwa ya umri wake, na yeye mwenyewe alilelewa bwenini tangu hajaota ndevu. Huko ndiko alikojifunza kutandika shuka lisilo na kunyanzi, kula alichopewa na kutimiza alichosema. Wavulana waliopita mikononi mwake, ambao sasa walikuwa watu wazima wenye vitambi, bado walinyoosha mgongo walipokutana naye njiani. Hakuwahi kukopa hata kibiriti kwa jirani. Jambo hilo alipenda kulisema, na mkewe, alipokuwa hai, alizoea kumjibu kwamba ndiyo maana hakuna jirani anayebisha hodi kwao.

Lakini sasa alikuwa na deni, na mdai wake alikuwa na miaka sita.

Mwaka uliotangulia alimleta mjukuu wake hapa kwa tiketi ya siku nzima, na kwa kuwa tiketi ilisema siku nzima, aliitumia yote. Alimzungusha mtoto kwa kufuata ramani, kutoka kushoto kwenda kulia, bila kuruka mchezo hata mmoja, kama mtu anayekagua vitanda. Gurudumu kubwa, ambalo mtoto alilililia tangu getini, lilikuwa la mwisho kwenye ramani. Walipolifikia, foleni ilikuwa imejikunja mara tatu. Wakajipanga. Walipobakiza watu wachache tu mbele yao, ikafika saa ambayo mzee alikuwa amemwahidi mama yake mtoto kwamba watakuwa nyumbani. Akamshika mtoto mkono, akamtoa kwenye foleni. Ahadi ni ahadi. Kwamba alikuwa amemwahidi na mtoto pia, hilo lilimjia wakiwa ndani ya teksi, mtoto alipoinua kichwa kutoka pajani pake na kusema kwa sauti ya usingizi, "Babu, nakudai gurudumu."

Mama yake alipompokea akiwa hoi, macho mekundu, miguu imevimba ndani ya soksi, alisema neno moja tu: "Baba, huyu si kuruta." Kesho yake wakapanda ndege.

Binti huyo aliishi nchi ya mbali, katika kazi isiyompa nafasi hata ya kukohoa. Alipiga simu kila Jumapili jioni. Mazungumzo ya baba na mwana yaliishia kwenye afya na hali ya hewa. Kisha simu ilipewa mtoto. Mtoto hakuwa na la kumwambia mzee asiyemwona, na mzee hakujua watoto wa huko huongea nini. Deni ndilo lililowaunganisha.

"Babu, nakudai."

"Najua, Bibie."

"Utalipa lini?"

"Ukija."

"Na riba?"

Hilo la riba alifundishwa na baba yake, na mzee hakulipenda hata kidogo. Hata hivyo alianza kulisubiri tangu Jumatatu.

Mwaka huu walikuja tena, wakafikia ukweni, kwenye nyumba kubwa yenye vyumba vya kutosha na watoto wa kucheza nao. Yeye alipewa Jumamosi. Siku moja, katikati ya likizo, bustani ikiwa imefurika. Aliipokea bila kulalamika, kisha akakaa mezani kwake, akaivunja siku hiyo vipande na kuiunga upya hadi akagundua kwamba haiwezi kupangwa na mtu aliyekaa mezani. Ndiyo maana alikuja Jumanne.

Alifunga mkanda wa karatasi mkononi, akaingia, akafupisha hatua zake ziwe za mtoto. Kutoka getini hadi kwenye kigari-moshi kidogo kulikuwa mbali kuliko ramani ilivyodai. Kijana wa kigari-moshi alimzuia.

"Mzee, mkubwa haingii bila mtoto."

"Sitaki kuingia. Nataka kujua kinazunguka kwa muda gani."

"Wa nini?"

"Kikisimama atataka maji. Nataka nijue niwe nimeyafungua saa ngapi."

Kijana alijikuna kisogoni, akamruhusu asimame kando ya uzio. Mzee aliitazama mizunguko miwili, akasogea. Alipima umbali wa choo. Alitafuta kivuli kitakachokuwa bado kivuli saa tano, akakipata chini ya paa la bati karibu na farasi wa mbao, na hapo akaketi ili ajue mapumziko yatakuwaje. Kofia yake akaiweka kando yake kwenye benchi.

Mama mmoja mwenye watoto wawili na mzigo wa mabegi alikuja akihema. "Hapa pana mtu, baba?"

"Pana," alisema mzee.

Mama alitazama kofia, akatazama huku na huku. "Ameenda wapi?"

Mzee alifikiri kidogo. "Bado hajafika," alisema, akaichukua kofia akaivaa. "Kaeni."

Mwishowe alifika kwenye gurudumu. Fundi wake, bwana mnene mwenye ovaroli lenye madoa ya grisi, alikuwa mwongeaji, na kwake mzee alipata kile alichokifuata: saa tano na nusu vikaragosi huanza kucheza upande wa pili wa bustani, watoto wote hukimbilia huko, na foleni ya gurudumu huyeyuka hata siku ya Jumamosi.

"Panda basi, mzee. Kibanda kitupu hicho, na mkanda unao."

"Sipandi. Nimeahidi kupanda na mtu."

Alipotoka alirudi dirishani akakata tiketi za Jumamosi, mbili, za nusu siku.

"Ya siku nzima ndiyo yenye faida," alisema mkata tiketi. "Mnakaa mpaka taa ziwake."

"Mtoto wa miaka sita, ikishafika saa saba, anakuwa mtu mwingine kabisa."

"Hata mimi, mzee," alisema msichana, akamsukumia tiketi.

Jumamosi walifika wawili. Mtoto alikuwa amerefuka, gauni limeachwa nyuma na miguu, na meno mawili ya mbele hayakuwepo.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, Bibie. Meno umemkopesha nani?"

Mtoto alifunika mdomo akacheka. Mama yake alikuwa amevaa raba na kubeba chupa yake ya maji, na mzee alielewa kabla hajaambiwa.

"Naingia nanyi, Baba. Si kwamba sikuamini."

"Sikusema huniamini. Nimekata mbili tu."

"Yangu nitakata mwenyewe."

Asubuhi ile ilikwenda kama mzee alivyoipanga, jambo ambalo katika maisha yake na watoto lilikuwa nadra. Walianza na farasi wa mbao watu wakiwa bado wanahangaika getini. Kigari-moshi kiliposimama, maji yalikuwa yamefunguliwa. Kisha, mtoto akiwa bado anarukaruka, mzee aliwapeleka chini ya paa la bati.

"Tunakaa?" aliuliza mtoto.

"Tunapumzika."

"Nani amechoka?"

"Hakuna aliyechoka. Ndiyo maana tunapumzika sasa."

Mtoto alikaa, akachezesha miguu, akamtazama babu yake kwa huruma. "Babu, kama ni wewe umechoka, sema tu. Mama hatakusema."

Binti yake aligeuza uso kuficha kicheko. Baadaye, mtoto akiwa kwenye boti za bata, alisema bila kumtazama, "Umebadilika, Baba."

"Nilirudia darasa," alijibu, na kwa muda kidogo walisimama bega kwa bega kwenye uzio, kitu ambacho hawakuwa wamekifanya tangu siku ya mazishi ya mkewe.

Saa tano na nusu ngoma ya vikaragosi ililia upande wa pili. Watoto wakatimka. Mzee alimshika mjukuu wake mkono, akaongoza kinyume na kundi, na walipotokea nyuma ya kibanda cha barafu, gurudumu lilikuwa mbele yao na foleni ya watu wasiozidi familia moja. Aliacha mtoto ajionee mwenyewe.

Mtoto alisimama. Mkono wake ulilegea ndani ya mkono wa mzee.

"Hili nilishapanda," alisema.

"Ulipanda lini?"

"Juzi. Babu wa Kule alitupeleka sote. Usiku, na taa."

Babu wa Kule alikuwa baba mkwe wa binti yake, mwenye ile nyumba kubwa. Kengele alimtazama binti yake.

"Sikujua kama watapitia hapa, Baba. Walitoka tu na watoto, nikaambiwa waliporudi. Nikaona nisikwambie, nilijua umejipanga."

"Ulipaswa kuniambia."

"Nilipaswa."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Hakukasirikia mtu. Alijisikia kama mtu aliyefika na mzigo mlangoni akakuta mwingine ameshaupeleka. "Basi utapanda na mimi sasa," alimwambia mtoto. "Mchana utaona mbali zaidi."

"Sitaki, Babu. Kibanda kinasimama kule juu halafu kinayumba. Nilifumba macho mpaka chini."

Miaka yote ya kazi yake ilimpanda kooni. Tiketi imekatwa, foleni fupi, mtoto hana uchovu, ukiogopa ndiyo upande. Maneno hayo aliwaambia wavulana wasiohesabika kwenye kingo za mabwawa ya kuogelea, na wengi walijitosa. Binti yake alikuwa ameacha kupumua. Mzee alimtazama mtoto, na kidevu kile kidogo kilichokuwa kikianza kutetemeka.

"Basi hatupandi," alisema.

Binti alishusha pumzi. Mtoto naye alifikiri, uso umekunjwa, kama mwenye duka anayesikia habari mbaya.

"Lakini bado nakudai."

"Nitakulipaje usichokitaka?"

"Mimi nilipanda na Babu wa Kule. Wewe hujapanda. Panda wewe."

"Peke yangu?"

"Mimi na Mama tutakusubiri hapa."

"Acha, mama," binti yake alimwambia mtoto, kisha akamgeukia mzee, sauti imelainika. "Liache tu, Baba. Mtalimaliza mwakani."

Mzee aliinua macho kwenye gurudumu. Mwakani. Akiliacha, basi wakisharudi kwao simu italia Jumapili jioni, na Jumapili nyingine, na nyingine, na kila mara itakuwepo sauti itakayosema nakudai, na yeye atakuwa na la kujibu. Akilipa, mtoto atashika simu aseme shikamoo, na baada ya shikamoo hakuna kitu. Yalikuwa maneno matatu tu ya kusema: haya, tuliache mwakani. Binti yake mwenyewe ndiye aliyempa. Hakuna ambaye angemlaumu.

Lakini lingekuwa deni la mtu mwenye uwezo wa kulipa na hataki, na mtu wa namna hiyo mzee alikuwa na jina la kumwita, na jina hilo hakutaka mjukuu wake aje kulijua kupitia kwake.

"Nishikie kofia," alimwambia mtoto.

Fundi alimtambua. "Leo mko wangapi, mzee?"

"Mmoja."

"Si ulisema una mtu?"

"Yupo. Yuko pale chini."

Chuma kilifungwa kifuani pake, kibanda kikanyanyuka mgongomgongo. Paa la bati walipopumzikia likapita chini yake, kisha boti za bata, kisha uwanja wa vikaragosi uliojaa vichwa. Kulikuwa kimya kuliko alivyotarajia. Kule juu kilisimama, kikayumba, kama mtoto alivyosema, na mzee alishika chuma kwa mikono miwili na kutamani sana kwamba kungekuwa na mtu wa kumwambia asiogope. Upande wa pili wa benchi palitosha mtu mzima na mtoto.

Alipopata ujasiri aliinama akawatafuta. Aliwaona. Mtoto alikuwa amevaa kofia yake, imemshuka hadi puani, na alikuwa akipunga mkono kwa nguvu zote kwenye kibanda kingine, cha mbele, ambamo vijana wawili wasiomjua walikuwa wakimpungia. Mzee aliinua mkono wake hata hivyo, akauacha hewani mpaka gurudumu lilipoanza kushuka.

Alikanyaga ardhi, akanyoosha mgongo.

"Ulifumba macho?" mtoto aliuliza.

"Mara moja. Kilipoyumba."

"Nilikwambia." Alimrudishia kofia. "Uliniona nikikupungia?"

"Nilikuona."

Mtoto alimnyooshea mkono kama watu wazima wanavyofanya, nao wakashikana.

"Basi, Babu. Umelipa."

"Na riba?" aliuliza mzee.

Mtoto alimtazama mama yake, kisha akatikisa kichwa kwa ukarimu.

"Riba nimesamehe. Hatudaiani."

"Hatudaiani," alisema Kengele, akauachia mkono wake.