Chungu cha Kimoroko

Davis hakunitumia hata salamu. Mimi Hosiana ndiye shangazi wa Nelly, dada wa marehemu baba yake, na kwetu posa hupitia kwa shangazi kwanza. Yeye akampigia simu mama wa binti moja kwa moja, akamwalika chakula Geita mjini, akaongeza kwamba hata shangazi anaweza kuja. Anaweza! Nikapanda gari Runzewe na wifi yangu Apolonia, mama yake Nelly, nikiwa nimenuna.

Kijana amekulia Dar, anapima mchanga wa dhahabu maabara. Alitaka siku hiyo wifi amkubali, ili amwoe Nelly kabla ya Krismasi. Ndiyo maana akachagua hoteli ya Kimoroko, chakula ambacho wifi hajawahi kuonja. Shikamoo alitupa zetu vizuri, hapo sina la kusema.

Kikaletwa chungu kimoja kifupi, mfuniko wake umechongoka. Mhudumu alipofunua, mvuke ukapanda na harufu ya mdalasini, nami kununa kukapungua. Nyama ya kondoo ilikuwa imelainika mpaka inaachia mfupa yenyewe, juu yake tende na lozi za kukaanga. Sahani hakuna, vijiko hakuna. Mhudumu akaeleza kwamba Wamoroko hula chungu kimoja, kwa mkate, kila mtu upande wake.

Hapo nikamtazama wifi. Kwetu mkwe hali pamoja na mama mkwe, na chombo kimoja ndiyo usiseme kabisa. Mkwe anayejijua angeomba kuhamia meza nyingine, na wifi angempenda kwa hilo. Davis hakujua. Alimega mkate, akasubiri mkubwa aanze.

"Karibu tule, mwanangu," wifi akamwambia.

Nelly, aliyekaa kando ya Davis, akatabasamu. Alidhani mama yake amekuwa wa kisasa. Mimi wifi namjua miaka thelathini, nikajua anampima kijana. Neno moja tu sikioni mwa Davis lingetosha. Lakini nilikuwa na kinyongo changu, nikachukua mkate.

Tukala. Sitaki kusema uongo, tulifaidi. Wifi alichovya mkate kwenye mchuzi, akauliza viungo vyote kimoja kimoja, akamsogezea Davis mnofu kwa mkono wake mwenyewe. Davis akachangamka, akasimulia habari za kazini. Ikaja chai ya nanaa, sukari tele, wifi akaomba glasi ya pili.

Tulipokwisha kunawa, wifi akamshukuru.

"Chakula kizuri, mwanangu. Nimefurahi kula na wewe chungu kimoja. Mkwe wangu nisingeweza kula naye."

Davis akacheka, akasema siku nyingine tutajaribu cha kuku. Kisha akaenda kulipa, anatembea kwa furaha kabisa, na wifi akatoka kwenda kuangalia gari la kurudi. Nelly hakucheka. Alikuwa amemwelewa mama yake, macho yamejaa machozi.

"Shangazi, ulijua?"

Nikamwambia ndiyo, nilijua tangu alipomkaribisha. Akauliza kwa nini basi nilinyamaza. Niliona aibu, aibu kweli, na jibu pekee lililonijia ni kwamba nilikuwa nakula.