Watani Mlangoni

Mimi Ziada sipendi mtu akilia ndani ya nyumba yangu, hasa wali ukiwa bado wa moto. Yustina alikuwa mwanafunzi wa ualimu, mwenyeji wa Kipatimu. Alikuja Kinjumbi kufanya mazoezi ya kufundisha, na kamati ya kijiji chetu cha ujamaa ikamweka kwangu. Jioni ile alisukuma sahani kando, machozi yakamtoka.

"Una nini, mwanangu?"

"Kesho mkufunzi wangu anakuja kunipima, mama. Somo ni kujumlisha namba chanya na hasi. Watoto wamekataa kabisa kwamba unaweza kujumlisha na kitu kikapungua. Nikishindwa, narudia mwaka mzima chuoni."

Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi nimekataa. Kabla sijafungua kinywa, mlango ukasukumwa, akaingia Nassibu. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hana hodi. Akavuta sahani ya Yustina, akakaa, akala.

"Tazameni balaa hili!" nikamfokea. "Watu tumeongezeka, chakula kimepungua!"

Yustina akaacha kulia. "Mama, hebu rudia."

Nikarudia, na matusi mawili juu yake. Akamgeukia Nassibu. "Na mtani akikuta hakuna kitu, anafanyaje?"

"Anakaa mlangoni," Nassibu akajibu, mdomo umejaa. "Haondoki mpaka apewe. Na mwenye nyumba haruhusiwi kukasirika."

Wallahi, yule binti alicheka mpaka akapaliwa.

Asubuhi nilibeba kikapu cha machungwa hadi shuleni, nikasimama dirishani. Machungwa ni yangu, nani angenifukuza? Mkufunzi, Ndugu Lukas, alikuwa amekaa nyuma ya darasa, hana hata tabasamu la kuazima.

Yustina akawagawa watoto. Wengine wakawa wageni wema, kila mmoja analeta chungwa: hao ni chanya. Wengine wakawa watani, kila mmoja anachukua: hao ni hasi. Kikapuni akaweka machungwa matano. Wakaja watani watatu, yakabaki mawili.

"Tumejumlisha, kitu kimepungua," akasema, na darasa likaguna kwa raha.

Kisha wakaja watani watano kwenye yale mawili. Wawili wakapata, watatu wakakaa mlangoni wakimsema mwenye nyumba kwa uchoyo wake. "Sasa tuna ngapi?" "Hasi tatu!" Wakaongezeka watani wawili wengine: hasi tano. Mwishowe wakaja wageni watano na machungwa yao, kila mtani akapewa lake, mlango ukawa mweupe.

"Sifuri!" watoto wakashangilia.

Hapo hapo akaingia Nassibu, ambaye hakuna aliyemwita, akaketi kizingitini. Yustina akakauka. Nami nilijua mwaka mzima wa yule binti umekaliwa na Nassibu.

"Mzee, shikamoo," akasema Ndugu Lukas, amekunja uso. "Hapa tuna mtihani. Tafadhali utupishe."

"Marahaba. Sijapewa."

Kisha msichana mmoja, Samia, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sifuri kujumlisha hasi moja ni hasi moja. Na mtani hafukuzwi."

Ndugu Lukas akachungulia kikapu. Kitupu. Akamtazama Nassibu, na Nassibu akajinyoosha vizuri zaidi, kama mtu aliyekuja kulala. Mkufunzi akafungua mkoba wake, akatoa yai la kuchemsha alilofungiwa kwa safari, akampa. Nassibu akainuka na kwenda zake, wala hakushukuru.

"Hasi moja kujumlisha moja?" Ndugu Lukas akawauliza watoto.

"Sifuri!" Makuti ya paa yalitikisika. Na yule bwana akacheka, akacheka mpaka akavua miwani.

Yustina alifaulu. Aliambiwa pale pale mlangoni, akanikimbilia, nikamkumbatia na kulia kwa furaha, mimi niliyekuwa nakataza watu kulia.

Tuliporudi nyumbani tulimkuta Nassibu ameketi kwenye kizingiti changu.

"Lile yai lilikuwa la mkufunzi," akasema. "La kwenu bado."

Nikaingia jikoni kumtafutia kitu, na wala sikukasirika.