Harusi Isiyo na Bwana

Simu ilipolia nilikuwa sebuleni napiga pasi kanzu za baba mwenye nyumba, madam ameketi sofani ananikodolea macho. Sheria ya nyumba hii ya mtaa wa Al-Safa ni moja: simu ni ya kuongea na watu wa kwetu tu, tena mbele yake. Kiswahili hajui hata neno, lakini macho anayo. Waliosema mvumilivu hula mbivu, haki, hawakufanya kazi Jeddah.

"Ni dada yangu," nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kuokoteza.

Uongo mtupu. Alikuwa Risper, mpenzi wangu. Tulipendana Nairobi kwenye hosteli ya ajenti aliyetuleta huku, tukifunzwa kazi za nyumba. Bahati ikatuleta nyumba jirani, tukawa tunaonana juu ya paa tukianika nguo, ukuta katikati. Sasa mabosi wake walikuwa London likizo, naye wamempeleka awabebee mifuko.

"Bel, angalia!" Akageuza kamera. Barabara nzima watu, ngoma, bendera za rangi za upinde wa mvua. Akina mama wawili wenye mvi wameshikana mikono, mchana kweupe. "Ni watu kama sisi! Mmoja ameniambia walipoanza kuandamana walikuwa wachache, wakizomewa. Ona leo!"

Mungu wangu. Nilitamani kuingia ndani ya ile simu.

"Madam wangu yuko ng'ambo ya barabara, maandamano yametutenganisha. Yakiisha tu, anavuka kunichukua. Hawa wananiita niende nao, wanasema watanisaidia. Lakini nikienda, Jeddah sirudi tena. Nifanye nini?"

Madam akainuka sofani, akaja kuchungulia. "Nini hii?" akauliza kwa Kiarabu.

Nikajibu upesi, "Harusi, madam. Dada anaolewa."

"Mashallah! Bwana yuko wapi?"

"Yuaja."

Akapiga kigelegele, jamani, madam huyu huyu!

Nikatabasamu hadi mashavu yakauma. Ningemwambia Risper arudi, angerudi. Na nilimtaka, nimwone hata kichwa tu juu ya ukuta.

"Ingia katikati yao," nikasema kama anayetoa pongezi. "Usirudi huku, unasikia? Ukirudi nitakuchapa."

"Na wewe?"

"Mimi napiga pasi. Enda!"

Picha ikayumba, ikajaa rangi, ikakatika.

Madam akanipa tishu. "Mbona unalia siku ya furaha?"

"Kwetu bibi harusi akiondoka nyumbani, tunalia."

"Hata sisi," akasema kwa upole. "Halas, usilie. Yalla, endelea na kanzu."

Kanzu sikuimaliza. Simu yake ikalia, jirani, madam wa Risper, kutoka London, sauti juu: hausigeli wake ametoroka, amekimbilia kwa watu wa ngoma na bendera. Madam akanigeukia polepole. Akanyoosha mkono, nikampa simu yangu.

Aichukue. Bibi harusi alikuwa ameshaondoka.