Kibanda Alichokifagia Bi Mwamini

Nilikuwa nacheka na wenzangu mpaka nilipogeuka nikamwona Bi Mwamini. Alikaa mstari wa nyuma chini ya turubai, sahani ya pilau mapajani, mkono umeganda katikati ya sahani na mdomo. Macho yake yalikuwa kwenye runinga. Na sauti iliyokuwa inatoka kwenye ile runinga, jamani, ilikuwa yangu.

"Toa hiyo kanga ukutani! Inatuharibia umaskini!"

Uwanja mzima wa kanisa ukaangua kicheko.

Acha nieleze. Sisi vijana wa kanisa hapa Visiga tuliamua Krismasi hii tutengeneze video ya kuzaliwa kwa Yesu. Mimi Tito, ambaye simu hainitoki mkononi hata nikila, ndiye nilikuwa mpiga picha, mwongozaji, kila kitu. Tulihitaji zizi. Bi Mwamini ana kibanda cha mbuzi nyuma ya nyumba yake ya udongo. Ni Mwislamu, lakini nilipomwomba alishika kifua. "Kwa ajili ya Nabii Isa? Njooni hata kesho."

Tulipofika, aisee, mbuzi walikuwa wamefungwa nje. Kibanda kimefagiwa, sakafu imesiribwa udongo mpya, mkeka umetandikwa, kanga imetundikwa ukutani, na kwenye chetezo udi unafuka. Mwenyewe alikuwa ameenda shamba. Nikakasirika! Nikamwambia Maua, Mariamu wetu, atoke kwanza. Tukakunja mkeka, tukamwaga majani makavu. Nikachota mavi ya mbuzi kwa koleo nikayatawanya pale pale Bi Mwamini alipopiga magoti kusiriba. Ndipo nikarekodi. Tukaondoka bila hata kuzoa. Na mwisho wa video, ili watu wacheke, nikaweka vipande vya sisi tukihangaika kupachafua.

Sikufikiria kama ataalikwa. Wakati mbuzi wa sherehe kachinjwa na Mzee Halidi, Mwislamu mwenzake, makusudi, ili majirani Waislamu nao wale! Sijui kichwa changu kilikuwa wapi.

Alipoinuka kuondoka, nikamwahi getini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Ile video, bibi... ulikuwa utani tu."

"Kumbe mlitaka pachafu." Alisema taratibu, kana kwamba aliyekosea ni yeye. "Si ungeniambia, baba? Magoti haya yasingeumia bure. Mimi nikadhani mbuzi wamekata kamba wakaingia. Jioni ile niliwachapa."

Nilitamani anitukane. Akinitukana nitajua pa kushika.

"Tulitaka ionekane kweli," nikasema. "Kwamba alizaliwa kwa maskini."

"Maskini ndio hawafagii?" Akakaza mtandio. "Mzazi anakuja kwako na uchungu, unamtandikia mavi? Hata mbuzi wangu akitaka kuzaa namwekea majani safi. Huyo Yusufu wenu alikuwa mwanamume wa namna gani?"

Tangu utoto nahubiriwa kwamba Neno alifanyika mwili, na kwenye video nililiandika hilo kwa herufi za dhahabu, zikimeremeta. Lakini mwili ni kitu kinachohisi baridi. Kinalazwa chini. Na kabla hakijalazwa, kuna mkono wa mtu umepita pale ukatoa mawe. Mkono huo nilikuwa nimeukata kwenye picha, halafu nikawafanya watu waucheke.

"Naifuta sasa hivi." Nikaitoa simu mbele yake.

"Futa," akasema. "Wameshacheka."

Akaondoka akikokota mguu mmoja, ambao miaka yote tumekaa jirani sikuwahi kuuona kwamba unamsumbua.

Asubuhi iliyofuata niliiacha simu nyumbani nikaenda kwa Bi Mwamini. Njia nzima sikujua mikono niiweke wapi. Nikaiingiza mfukoni, nikaitoa, nikaifunga nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa. Mbuzi wakanitazama. Nikafika mlangoni kwake.

"Hodi."

"Nani?"

Jina langu, ambalo nalipigia kelele mwanzo wa kila video, likagoma kutoka.

"Nani hapo?"

Ndani nikasikia ndara zikiburuzwa, polepole, zinakuja.