Rasta za Mwisho za Bi Kompyuta

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni masikio. Ukimsuka mtu unamjua kwa nyuma, na Bi Kompyuta kila alipotaka kumsifia mteja kitu kwenye simu, masikio yake yalisogea nyuma kidogo kabla hajafungua mdomo. Akikata simu, yanarudi.

Jina hilo alipewa na mwenye saluni, kwa sababu alikuwa anauza mifumo ya kompyuta kwa wenye maduka na zahanati, ile ya kutunza hesabu za mauzo na stoo. Mimi pale naitwa Bubu. Mteja akinitazama kwenye kioo, maneno yananikauka. Lakini yeye alipenda kukaa dirishani, mbali na kioo, apate mwanga wa kusomea. Kisogo hakimtazami mtu. Kwa hiyo kwake nikaongea.

"Leo Bubu kawa redio!" mwenye saluni alisema. "Jamani, mpunguzeni sauti."

Rasta ndogo zinakula nusu siku. Bi Kompyuta alikuwa ananieleza mifumo yake mimi kwanza, akisema nikielewa mimi niliyeachia shule darasa la tano, hata mwenye zahanati ataelewa. Sikuona ubaya. Hakukuwa na mwingine aliyewahi kuniuliza, "Hapo umenipata?"

Siku moja akasema ameitwa kwenye usaili, kampuni ya uwekezaji, wale wanaotunza fedha za watu na kuwashauri waziweke wapi zizae.

"Mdogo wangu, jifanye bosi. Niulize kwa nini naacha kuuza mifumo."

"Mimi?"

"Kwani mabosi wana mapembe? Kaza sauti."

Nikakaza. "Dada, shikamoo. Kwa nini unaacha kuuza mifumo?"

Alicheka mpaka rasta ikaniponyoka. "Bosi gani anamwamkia mwomba kazi!"

Jibu lake la kwanza lilikuwa la kukariri: anatafuta changamoto mpya, anataka kukua. Masikio yakasogea nyuma.

"Hapo unauza," nikamwambia.

Akaiweka simu mapajani. Kisha akasema taratibu, "Nimechoka kuuza na kuondoka. Namfungia mtu mfumo, tunapeana mikono, kesho niko kwa mwingine. Duka lake limekua au limekufa, sijui. Kwenye fedha ukimpata mteja unakaa naye. Mtoto wake anazaliwa, anasoma, anaoa, na wewe bado upo."

Masikio yalikuwa yametulia.

"Kazi umepata," nikasema, nikapunguza mwendo wa kusuka, maana nilijua nimesema kweli.

Akaipata. Alirudi saluni kufumua, si kusuka.

"Wana mitihani yao, mdogo wangu, na mimi kwenye fedha ni mgeni kabisa. Jumamosi zote ni kusoma. Nusu siku ya kukaa kitini nitaitoa wapi? Zikate tu, ziwe fupi."

Kwenye kufumua ningeweza kujivuta, lakini mwenye saluni alikuja kunisaidia, tukamaliza upesi.

"Mbona umenuna?" akaniuliza. "Kichwa kimoja kikienda, vinakuja vitatu. Bi Kompyuta, huyu atakulilia."

"Asinililie, sijafa," alisema Bi Kompyuta, akijipapasa shingo iliyobaki wazi. Akanigeukia. "Wale walioniuliza maswali kwenye usaili, hakuna aliyekufikia."

Nikacheka, nikainama kufagia nywele zake.

Siku hizi namwona akipita ng'ambo ya barabara, mkoba begani, simu sikioni, pengine anaongea na mmoja wa hao wateja atakaokaa nao miaka mingi. Akiniona ananipungia mkono. Nami napunga chanuo. Dirishani wanakaa wengine, nao nawasuka vizuri tu, kimya.

Siku ile alipokuwa anaondoka, alisimama mlangoni kidogo kama anayesubiri neno. Nilikuwa nalo, ila alikuwa ananitazama usoni, sikulitoa: Dada, hata kama huna nywele za kusuka, njoo tu ukae.