Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Mzee Wahome hakuwa na leseni, hakuwahi kumiliki gari, na tangu azaliwe hakuwa amekanyaga klachi. Hata hivyo, kwa miaka arobaini majirani zake wa Eldoret walimjua kama dereva wa lori, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia hivyo.

Mjukuu wake Ciru alikuja likizo kutoka chuoni Nairobi na usukani wa kompyuta, pamoja na pedali tatu alizozipanga chini ya meza ya sebuleni.

"Guka, hizi resi za malori ninacheza sababu yako," alisema. "Marafiki zangu wako kwa simu wanakuangalia. Waonyeshe!"

Mzee alishika usukani. Lori la kwenye kompyuta likapanda mlima, likazimika, likaanza kurudi nyuma. Kabla hajafikiri, aliruka kitini akakimbilia mlangoni, macho chini, akitafuta jiwe la kuzuia gurudumu.

"Ai, Guka! Breki iko huku!"

Simu ililipuka kwa kicheko. "Ciru, huyo ni taniboi, si dereva!"

Ciru akaizima. "Wajinga hao. Hawakujui." Imani hiyo ilimchoma mzee kuliko kicheko.

Ciru aliporudi chuoni, mzee alimwandikia barua kwa mwandiko aliojifunza katika ngumbaru, masomo ya watu wazima: "Rafiki yako alisema kweli. Sikuwa dereva. Nilikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, kazi yangu ilikuwa jiwe." Akalamba bahasha, akaifunga, akaenda kuitumbukiza katika sanduku la posta kabla moyo haujarudi nyuma.