Hospitali Haitafungwa

Mimi ni mtu wa kujivuna, na kila mtu katika hospitali yetu ya misheni hapa Kilungu anajua hivyo. Lakini nina sababu. Kwa miaka sita nimekuwa fundi wa kompyuta peke yangu hospitali nzima. Miaka mitatu iliyopita niliondoa kompyuta nne kuukuu zilizokuwa zikila vumbi chini ya meza ya duka la dawa, na kazi zote nne nikazihamishia ndani ya kompyuta moja kubwa, yaani seva. Kuna programu inayoigawanya seva ndani kwa ndani iwe kama seva kadhaa, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. Ni kama ploti ya vyumba vya kupangisha: wa chumba cha kwanza akiunguza mboga, wa chumba cha nne anaendelea na usingizi wake. Vyumba hivyo tunaviita mashine pepe. Kimoja kilibeba duka la dawa, kingine maabara, kingine faili za wagonjwa, na cha mwisho mishahara. Nilijifunza kwa video za bure na kwa kukosea, na hakuna aliyenishika mkono.

Mwaka huu seva hiyo ikaanza kuchoka. Diski mbili kati ya nne zilikufa katika mwezi mmoja, na kila asubuhi nilikuwa nikifungua mlango wa chumba chake huku nimeshika roho mkononi. Wafadhili wakatuletea seva mpya. Ikakaa kwenye boksi lake ofisini kwa mwenyekiti wa kamati ya hospitali, Mzee Musyoka, aliyestaafu akiwa mwalimu mkuu lakini hajaacha kusahihisha watu. Kamati iliamua kwamba asiye na cheti cha programu hiyo asiiguse. Ikiwa mwisho wa mwezi ungefika bila mimi kupata cheti, kazi ingepewa kampuni ya Nairobi, na nafasi yangu ingefutwa.

Nilimuuliza Mzee Musyoka ile ya kwanza iliwashwa na nani kama si mimi. Alinijibu kwa upole ule unaoudhi kuliko matusi.

"Najua unaweza, Syombua. Lakini mimi nimekaa na walimu miaka thelathini, na kila mmoja alikuwa anasema anaweza. Niletee karatasi."

Damu ilinichemka, lakini nilijiandikisha kwa mtihani. Siku hizi mtihani wa namna hiyo unafanyiwa nyumbani. Unakaa mbele ya laptopu yako, na msimamizi aliye nchi nyingine anakutazama kwa kamera saa mbili nzima. Masharti yake ni machache lakini makali. Uwe peke yako chumbani, sauti ya mtu isisikike, na usiinuke kwenye kiti.

Kosa lililofuata lilikuwa langu, nalikubali. Kwetu mtu hafanyi jambo kubwa kimya kimya kama mwizi; unalipeleka kanisani. Jumapili, mchungaji alipouliza nani ana ombi, nilisimama nikataja mtihani, siku yake na saa yake. Hata nyumba niliitaja, nyumba ya mama mkwe wangu, ninakoishi naye tangu mume wangu apate kazi Mombasa. Watu wakaitikia amina. Nikaketi nikiona nimefanya la maana.

Jumatano saa nne nilikuwa swali la thelathini na moja. Mambo yalikuwa yananiendea vizuri, nikichekelea kwa raha, ndipo nikasikia nyayo nje. Wamama wa ushirika wa kanisa walikuwa wamekuja, kumi na wawili, mama mkwe wangu Nduku mbele yao. Walijipanga chini ya dirisha langu wakaanza kuuombea mtihani kwa Kikamba, kwanza taratibu, kisha Roho akawashukia. Jina langu lilitajwa mara nyingi. Kwenye skrini msimamizi akaandika kwamba anasikia sauti za watu, ni kina nani, na wananiambia nini?

Ningekuwa mtu mpole ningejibu kwa kuandika. Mimi niliruka kwenye kiti, nikafungua dirisha, nikawafokea wanyamaze. Niliporudi kuketi, mtihani ulikuwa umefungwa. Kusikika kwa sauti lilikuwa kosa moja, na kuondoka mbele ya kamera lilikuwa la pili.

Siku mbili nilitoka kazini nikaingia moja kwa moja chumbani kwangu. Utamkaripiaje mama mkwe kwa kukuombea? Nililia bafuni, kisha nikakaa chini nikaiandikia kampuni ya mtihani barua ndefu, nikieleza ushirika wa wamama ni nini na kwamba hakuna hata mmoja wao anayejua mashine pepe ni kitu gani. Baada ya juma moja wakajibu. Wangenipa nafasi nyingine, moja tu, siku sita kabla ya mwezi kuisha.

Mama mkwe wangu, ambaye namwita Mwaitu kama wanawe wanavyomwita, alinikuta jikoni jioni hiyo.

"Tulikuharibia?" aliuliza.

Nilimwambia ndiyo. Sikuona haja ya kumdanganya. Alichochea moto, halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Hiyo kamera yako inasikia mpaka wapi?"

Nilimweleza vizuri nilivyoweza. Siku ya mtihani wa pili niliamka nikakuta kuku wote wamehamishiwa kwa jirani. Wamama walewale kumi na wawili walikuwa wameketi kando ya lango, ungo mapajani, wakichambua ndengu. Kwa saa mbili hawakutoa neno, na anayewajua wamama wa ushirika wetu anaelewa huo ni muujiza wa aina gani. Mchungaji Nyamai alipofika kunitia moyo, Mwaitu alisimama njiani, akaweka kidole mdomoni, akamgeuza arudi alikotoka. Hayo nilisimuliwa baadaye. Mimi kule ndani nilisikia upepo tu.

Sehemu ya mwisho ilikuwa ya vitendo: mashine pepe imekwama katikati ya kuhamishwa kutoka seva moja kwenda nyingine, ikwamue. Nilicheka, kwa sababu ilinikwamia hivyohivyo nilipozihamisha zile kompyuta kuukuu, nikalala na njaa nikiitafutia dawa. Nilipobonyeza kitufe cha kumaliza, matokeo yakaja papo hapo. Nimefaulu. Nilitoka nje, na kabla sijafungua kinywa Mwaitu aliniangalia usoni, akatupa ungo wake, na ukimya wote wa saa mbili ukalipuka kwa vigelegele. Siku hiyo nilimkumbatia, jambo ambalo miaka tisa ya ndoa sikuwahi kulifanya.

Mzee Musyoka alikisoma cheti mbele ya kamati, akakigeuza akasoma na nyuma, ambako hakukuwa na kitu. Kisha akasema vizuri, sasa atatangaza makanisani na msikitini kwamba hospitali itafungwa siku mbili ili seva ihamishwe. Kampuni ya Nairobi ndivyo ilivyomwambia.

Nilimwambia hospitali haitafungwa hata dakika moja.

"Na mgonjwa mmoja akirudishwa nyumbani kwa ajili ya hii kazi yako?"

"Akirudishwa mmoja, mzee, nitawaandikia barua ya kuacha kazi siku hiyohiyo."

Rashid, mfamasia wetu, ambaye huketi kwenye kamati, alinikanyaga mguu chini ya meza, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Mzee Musyoka akayaandika kwenye daftari la mkutano. Walikubaliana kwamba Alhamisi saa nne kamati nzima itafika duka la dawa kujionea.

Alhamisi ni siku ya kliniki ya presha na sukari, na foleni hufika hadi langoni. Seva mpya nilikuwa nimeshaifunga kando ya ile ya zamani katika chumba changu kidogo, kilicho nyuma tu ya duka la dawa. Nakala za kila kitu nilikuwa nazo pembeni. Programu hii ina uwezo mmoja unaonifanya niipende kama mtu: mashine pepe huhama huku ikifanya kazi. Kilicho kichwani mwake kinanakiliwa kidogokidogo kwenda seva ya pili, halafu mwishoni inasita kidogo, chini ya muda wa kupepesa jicho, na kuamka upande wa pili bila kujua imehama. Nilianza saa mbili asubuhi na mishahara, ambayo hakuna aliyeigusa siku hiyo. Ikapita. Faili za wagonjwa zikapita. Maabara ikapita.

Duka la dawa likakwama kwenye asilimia tisini na sita.

Nilijua sababu. Rashid alikuwa akihudumia haraka mno, kila sekunde akiandika dawa mpya, kwa hiyo mashine ilikuwa ikibadilika upesi kuliko ninavyoweza kuinakili. Saa tatu na nusu bado tisini na sita. Jasho lilinitoka mgongoni. Ningeweza kumwambia asimamishe foleni kidogo, lakini nilikuwa nimeapa kwamba hospitali haitafungwa hata dakika moja. Nilichungulia mlangoni nikamwona Rashid akipiga kibodi kama mtu anayekimbizwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliogopa mdomo wangu mwenyewe.

Ndipo akafika dirishani bibi mmoja kutoka Tseikuru, aliyekuja kukaa kwa binti yake ili atibiwe. Namba yake ilikuwa arobaini na moja. Alitaka kujua kidonge cheupe ni cha asubuhi au cha jioni. Rashid akamweleza. Akauliza tena. Rashid, ambaye ana subira nisiyo nayo, aliacha kibodi, akavipanga vidonge mezani, akaanza upya, polepole, hiki ukiamka, hiki ukienda kulala. Tisini na saba. Tisini na tisa. Bibi aliuliza mara ya tatu, na hapo duka la dawa likahama.

Niliketi sakafuni. Kisha nikainuka, nikaikagua mashine moja baada ya nyingine, nikaizima seva ya zamani na kuchomoa waya wake wa umeme.

Saa nne kamili kamati iliingia duka la dawa, watu saba katika nafasi ya watu watatu mbele ya dirisha la dawa. Mzee Musyoka alikuwa na daftari lake. Aliitazama foleni, akamtazama Rashid akiandika dawa, akanigeukia mimi.

"Haya, Syombua. Sasa unaanza saa ngapi?"

"Nimemaliza, mzee."

Alidhani hakusikia. Nilimpeleka chumba cha nyuma nikamwonyesha waya uliochomolewa. Aliishika seva ya zamani kwa kiganja, kama anavyoshika mtu paji la mgonjwa, akakuta imeanza kupoa. Aliporudi mlangoni alisimama akiangalia dawa zikitoka dirishani moja baada ya nyingine, kisha akalifunga daftari lake. Kichwa kilinivimba, na nilikiacha kivimbe.

Rashid aliinua macho. Hakuwa na habari ya lolote lililotokea asubuhi ile.

"Wazee wangu, samahani," alisema, "naomba msogee kidogo. Mnazuia foleni."

Kamati nzima ikabana ukutani, Mzee Musyoka pia, na namba hamsini na mbili akapita kuchukua dawa zake.